Mandari ya wapanda mikoko na wakata boriti wasioalikwa

Lipo neno lililozuka mitaani tangu Shaaban ya mwaka 2025, na hadi leo halijapoa. Vijana wa kundi moja la kujitolea, wapanda mikoko, walifunga masufuria na mikeka wakaenda mandari ukingoni mwa hori, pale pale walipopanda miche yao masika ya mwaka 2024. Walikwenda Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani. Walipika pilau, wakala, wakaogelea, wakasali, wakarudi jua likitua. Basi. Hakuzama mtu, hakuibiwa mtu, hakugombana mtu. Walakini ukipita barzani utadhani waliuza msikiti.

Wako wasemao: ikiwa hawa ni wahifadhi wa mazingira, pilau inahifadhi nini? Fedha ya mchele na nyama ingenunua miche mingapi? Wengine husema haya ni mambo ya Kizungu, pikiniki, na Mswahili hakuumbiwa kulala chini ya mti mchana huku kazi zimemngoja. Na wako wa tatu, ambao aghalabu ndio wenye sauti kubwa, wasemao kwamba wanaume na wanawake kutoka pamoja kwenda pwani si adabu. Mimi nimewasikiliza wote, kwani nami nilialikwa siku ile na niliila pilau hiyo inayosemwa. Nionavyo, wote watatu wamekosa shabaha. Taksiri ilikuwako siku ile, tena kubwa, lakini hakuna barza hata moja niliyosikia ikiitaja.

Tulimalize kwanza hili la Uzungu, kwa kuwa ni jepesi. Pikiniki ni neno la kigeni, mandari ni letu, na jambo lenyewe lilikuwako kabla ya neno la kigeni kufika. Nani katika sisi wenye umri wa miaka hamsini na zaidi asiyekumbuka kutolewa mjini kupelekwa shamba wakati wa maembe? Kina mama walitangulia na vikapu, watoto wakafuata na vyungu vichwani, wazee wakaja nyuma na mikeka na birika la kahawa. Kulikuwa na kuvunja jungu, hizi siku za mwisho za Shaaban, watu wakitoka kwenda ufukoni au mashambani kula na kuagana na mchana wa kula. Kulikuwa na Siku ya Mwaka, Nairuzi, watu wakiteremka baharini kukoga. Masheikh wetu waliikemea hii ya mwisho kwa yaliyochanganyika ndani yake, na walikuwa na hoja zao. Makunduchi kule Unguja hadi leo Mwaka Kogwa hufanywa kila Julai. Kwa hivyo mwenye kuiita mandari ya vijana hawa kuwa ni uigaji, na aulize nyumbani kwao bibi yake alikuwa akienda wapi mwezi wa Shaaban.

Wazungu nao wana yao, sikatai, na haina ubaya. Kule Uingereza mwaka 1959 vijana wa kundi lililoitwa Conservation Corps walianza kazi ya kujitolea Box Hill, kusini ya London, wakifyeka vichaka vilivyokuwa vikiusonga uwanda wa majani wa kilima kile. Tangu hapo makundi ya namna hiyo yameenea nchi nzima. Kazi yao kubwa ya kupanda na kukata huwa wakati wa baridi, miti ikiwa imelala na ndege hawana viota. Jua likija ndipo hutoka na mikate yao na chai ndani ya thamosi, wakaketi kwenye majani kutazama walichokifanya. Sisi mwaka wetu haugawanywi na baridi. Unagawanywa na pepo. Kusi likivuma bahari huchafuka na mawimbi hupiga ukingo. Kaskazi likitulia ndipo ufuko unapokalika. Vijana hawa walichagua kaskazi, tena siku za maji mafu ambapo bahari haendi mbali wala haiji juu. Aliyeichagua siku ile alijua anachofanya, na ninasikia alikuwa binti wa mvuvi.

Hili la adabu nitalisema kwa ufupi, kwa sababu waliolisema hawakuwako. Kina mama walikuwa na mikeka yao upande wa mivinje, na watu wazima miongoni mwao, wenye wajukuu. Wanaume walikuwa upande wa chini karibu na dau. Adhuhuri ilipoingia kazi ya jikoni ilisimama, kijana mmoja akaadhini, tukasali jamaa mchangani. Mimi nimehudhuria arusi nyingi mjini ambazo adhuhuri ilipita na alasiri ikapita na hakuna aliyeuliza kibla kiko wapi.

Sasa fedha. Mchele ulichangwa kikombe kikombe, nyama ilitolewa na mfanyabiashara mmoja, na nazi zilitoka kwenye shamba la mjomba wa mtu. Miche ya mikoko hainunuliwi sokoni kama embe. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama fimbo ya kijani, ikaanguka yenyewe topeni, na mwenye kuitaka huiokota. Kinachokosekana katika kazi hii ni mikono na migongo. Nani atakubali kushinda topeni hadi magotini, jua utosini, mbu masikioni, bila ya ujira, masika hadi masika, ikiwa hapati hata siku moja ya kuketi na wenziwe akacheka? Wazee wetu walilijua hilo. Jahazi jipya likitaka kushuliwa, mji mzima uliitwa kuvuta kamba, na mwenye chombo alichinja na kupika. Hakuna aliyesema ubwabwa ule ungenunua misumari mingapi. Jirani zetu Wamijikenda na mweria wao ni vivyo hivyo: jembe asubuhi, chakula mchana. Chakula kile kilikuwa ni sehemu ya kazi.

Ila kwa takataka nitawagomba kidogo. Mwezi wa Agosti 2017 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na tarehe 5 Juni 2020 ikapiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa katika mbuga, misitu na fuko za bahari zinazohifadhiwa. Vijana hawa wanaijua sheria hiyo kwa nambari zake, wanaweza kukusomea ukiwa umelala. Hata hivyo maji ya kunywa yalikuja katika chupa za plastiki, katoni kwa katoni, na soda nazo vivyo hivyo. Ni kweli waliokota kila chupa wakarudi nazo mjini, na siku ile ufuko ulibaki safi kuliko walivyoukuta. Lakini mitungi ipo, madafu yapo, kata zipo. Mama zetu walikuwa wakienda mandari na sinia na makawa, wakila juu ya majani ya mgomba, na walipoondoka kilichobaki nyuma kilikuwa ni vifuu na maganda ambayo mwaka wa pili huyaoni. Mtume wetu (S.A.W.) alitutahadharisha na mtu anayechafua kivuli wanachokalia watu, kwamba anajiletea laana. Nimekuwa nikiikumbuka tahadhari hiyo kila Idd pili, nikipita fuko zetu za Mombasa baada ya watu kuondoka.

Nije kwenye taksiri yenyewe.

Tulipokuwa tunakula, lilipita dau dogo karibu na ukingo, mzee mmoja akitanda wavu na mjukuu wake akishika kasia. Alitoa salamu, tukaitikia. Mtu mmoja akamwita kwa mkono, kwa adabu tu, namna mtu anavyokaribisha huku mkono ungali sahanini. Mzee akashukuru akapita. Kijana aliyeketi karibu nami akaninong'oneza, "Huyu alikuwa mkata mikoko." Alilisema hilo kama mtu anavyosema fulani aliwahi kufungwa.

Siku chache baadaye nilimtafuta mzee yule. Nilimkuta barzani kwake baada ya isha akishona wavu. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniagizia kahawa. Nilimwuliza kwa nini hakushuka tukala naye. Akacheka. "Mwanangu," akasema, "mimi katika hori ile nimeingia na baba yangu nikiwa na miaka kumi na minne. Mlango wake naujua, tumbo lake nalijua. Lakini karamu ile ilikuwa ya kusherehekea kwamba mimi siingii tena. Ningekula vipi?"

Niliondoka pale jibu hilo limenikaa, na ndilo lililoniketisha kuandika.

Msomaji kijana huenda hajui boriti zilikuwa nini. Kwa mamia ya miaka majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni mikoko kutoka Lamu na mahori mengine ya pwani. Nyumba za Oman, za Bahrain, za Kuwait na za Basra ziliezekwa kwa miti yetu, kwa kuwa kule hakuna mti mrefu ulionyooka ila mtende. Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu ukaona chumba ni kirefu na chembamba, sababu ni boriti: upana wa chumba ulifuata urefu wa mti unaoweza kubeba dari. Miti ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkandaa ulitoa maganda ya kutilia rangi na kulainishia ngozi. Mlilana ulitoa mataruma ya madau. Mkomafi ulikwenda kwa seremala. Hii ilikuwa ni kazi ya watu, yenye mafundi wake na miiko yake. Leo wajukuu wa wenye kazi hiyo wanaona haya kuitaja.

Mikoko iliwekwa chini ya hifadhi ya Serikali mwaka 1932, zama za Mwingereza. Mwaka 1982 kuuza boriti nchi za nje kulipigwa marufuku. Mwezi wa Februari 2018 ukaja ukatazo wa kukata miti katika misitu yote ya umma, na wakata mikoko wa Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wakajikuta ndani yake kwa siku moja, na shoka mkononi. Sisemi sheria hizo zilikosea. Mikoko ilikuwa ikiisha, na mikoko ikiisha kamba huisha, kaa huisha, samaki wachanga hukosa pa kujificha, na bahari huingia majumbani. Lakini tuseme kweli pia juu ya nani aliyeimaliza. Pale Gazi, Kwale, mikoko ilifyekwa sehemu kubwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za matanuri ya chokaa na matofali. Pale Mwache, nyuma ya Mombasa, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta udongo kutoka mashamba ya juu ukaizika mizizi, na mikoko ikafa wima. Katika mahori yanayoizunguka Mombasa, maji machafu ya mji huteremka mchana na usiku. Mzee mwenye shoka na dau hakuyafanya hayo. Yeye alichagua mti, akaacha mchanga, akarudi baada ya miaka. Asiyeuacha mti mchanga, kesho angekata nini?

Na elimu yake ndiyo iliyokosekana siku ya kupanda. Nilimwuliza juu ya miche ya vijana. Mistari ya ndani inaendelea vizuri, mashaallah, yenye majani manne na sita. Mistari ya nje, ile iliyo karibu na mkondo, nilikuwa nimeiona mwenyewe siku ya mandari: vijiti vitupu vilivyogandwa na magamba, na vingine havipo kabisa. Mzee akasema, "Pale si pa mkoko. Pale ni pa mlilana. Mkoko mchanga pale, kusi la kwanza linaung'oa. Na kule juu walikoacha wazi, kwenye chumvi, ndiko kwa mchu. Niliwaona wakipanda. Nilikuwa palepale na wavu wangu." Nikamwuliza mbona hakuwaambia. Akanitazama kwa muda. "Waliniuliza?"

Kila mti wa mikokoni una daraja lake kutoka majini kwenda nchi kavu, na mtaalamu yeyote wa elimu ya bahari atakwambia hivyo hivyo alivyosema mzee. Makundi mengi ya kujitolea, hapa kwetu na katika nchi nyingine, hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni nyepesi kuokota na kuchomeka, kisha hupiga picha, kisha huenda zao. Picha hubaki. Mche haubaki. Ndipo nikasema kwamba kasoro ya mandari ile haikuwa pilau wala mikeka. Kasoro ilikuwa ni kwamba mtu mmoja aliyelijua hori lile kuliko wote alipita mbele ya karamu kama mpita njia.

Najua nitakalojibiwa: mlango uko wazi, kundi ni la kujitolea, anayetaka na aje. Hapa ndipo penye ugumu wa neno hili kujitolea. Anayejitolea ni mwenye kifungua kinywa. Mwalimu anaweza kujitolea Jumamosi, na mwanafunzi, na karani, hata mshairi. Mvuvi aliyekosa mawindo siku mbili hawezi kuwapa watu bamvua lake bure, kwa kuwa bamvua ni mshahara wake. Kazi ya kupanda hufanywa maji yakiwa yamekupwa sana, na saa hizo hizo ndizo ambazo yeye na mkewe wanatafuta kaa, chaza na chambo. Mkimwambia aje kwa mapenzi ya mazingira mnamtaka atoe kikubwa zaidi kuliko mnachotoa nyinyi.

Gazi wamelitatua hili kwa njia yao, na ninawataja kwa kuwa jambo lao limesimama miaka mingi sasa. Mpango wao wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 juu ya msitu wa hekta 117. Wataalamu wa utafiti wa bahari walikuwa wakipanda na kupima pale tangu miaka ya 1990, na watu wa kujitolea kutoka nchi za mbali walikuwa wakija kuingia nao topeni. Hesabu ya hewa mbaya inayozuiwa na msitu ule huuzwa ng'ambo, na fedha hurudi kijijini: maji, shule, ujira wa walinzi na wapandaji. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kuuza hewa! Babu zetu wangetucheka. Nami nina wasiwasi wangu juu ya tajiri kununua ruhusa ya kuchafua kwake kwa kumlipa maskini asichafue kwake, ila huo ni mjadala wa siku nyingine. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wenye kuamua pale ni wanakijiji wenyewe, kamati ikachaguliwa hadharani. Wakapanda na mivinje nchi kavu ili mwenye haja ya nguzo na kuni apate pa kukata. Kina mama wakajenga daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko, mgeni hulipa akapita, na akitaka chakula humpikia. Gazi ni mji ule ule wa Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyewapiga Waingereza mwaka 1895, kwa hivyo watu wake si wepesi wa kupangiwa mambo yao na wageni.

Kundi letu ni changa, halina hewa ya kuuza. Lakini lina chungu kikubwa na lina watu wenye moyo, na hilo si haba. Tumefundishwa kwamba mwenye kupanda mti huandikiwa sadaka kwa kila ndege, mtu au mnyama atakayekula humo, na sioni mti wa kulisha viumbe wengi zaidi ya mkoko. Basi nawaambia wanangu hawa, kwa mapenzi: mandari msiiache, na maneno ya barzani yasiwatoe. Ila kabla ya masika yajayo, wazee wote waliokata boriti katika hori lile waitwe, si kwa mkono ulio sahanini bali kwa kufuatwa majumbani mwao, kama anavyoalikwa mtu arusini. Wao ndio waonyeshe pa mlilana, pa mkoko, pa mkandaa na pa mchu, na siku hiyo walipwe kama fundi anavyolipwa. Fedha ya chupa za maji itatosha sehemu yake. Na karamu ikija, waketi juu, na mmoja wao awasimulie watoto namna korija ilivyohesabiwa.

Kuhusu mzee niliyemtaja, jina lake sitaliandika kwa kuwa hakunipa ruhusa, lakini watu wa hori wanamjua. Siku za maji mafu hupatikana barzani kwake baada ya isha. Siku za bamvua asimtafute mtu asubuhi, hatamkuta.